Hachiko: Kungoja kwa Miaka Tisa na Ushei

Hachi, jina lenye maana ya nane kwa Kijapani, alizaliwa Novemba 1923 karibu na mji wa Odate, mkoani Akita, kaskazini mwa Japani. Mwanzoni mwa 1924 alisafirishwa hadi Tokyo kwa Ueno Hidesaburo, profesa wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Profesa alipotoka kwenda safari zake za kazi, mbwa alimsindikiza hadi stesheni ya Shibuya, na aliporudi alimkuta hapo akimngoja.

Mei 21, 1925 profesa alianguka ghafla akiwa kazini, damu ikavuja ubongoni, akafariki. Yeye na Hachi walikuwa wameishi pamoja kwa miezi kumi na sita tu. Mbwa alihamishwa nyumba kadhaa, mwishowe akachukuliwa na mtunza bustani aliyewahi kumtumikia profesa. Kwake hapakuwa mbali na Shibuya, na Hachi akawa anakwenda kukaa mbele ya stesheni, treni zikiingia na kutoka.

Simulizi nyingi huruka sehemu inayofuata. Kwa miaka saba Hachi hakuwa shujaa wa mtu yeyote. Alikuwa jibwa linalozuia njia, na watu walimfukuza na kumpiga mateke. Aliyembadilishia bahati ni Saito Hirokichi, mtafiti wa mbwa wa asili wa Japani, ambao wakati huo walikuwa wachache mno. Saito alimtambua kuwa ni mbwa wa aina ya Akita, akachukizwa na mateso yale, akapeleka habari kwa gazeti la Asahi. Ilichapwa Oktoba 1932, na jina likaongezwa "ko" ya heshima.

Sifa zikaja kwa kishindo. Aprili 1934 sanamu yake ya shaba, kazi ya Ando Teru, ilizinduliwa stesheni, Hachiko mwenyewe akihudhuria. Kisa kikaingia katika vitabu vya maadili vya shule, nchi ikiwa inahubiriwa utii kwa mfalme. Waswahili humlaumu punda kwa asante yake ya mateke. Japani ilikuwa imempata mnyama wa kufundishia kinyume chake.

Wapo waliodai kwamba alifuata mishikaki ya kuku ya vibanda vya jirani, na kweli alipokufa vijiti vya mishikaki vilikutwa tumboni mwake. Lakini hoja hiyo haielezi miaka ile ya mateke.

Alikutwa amekufa mtaani Machi 8, 1935. Alikuwa na minyoo ya moyo. Uchunguzi uliotangazwa 2011 uligundua pia saratani. Ngozi yake ilikaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya sayansi, na kumbukumbu yake ikawekwa kando ya kaburi la profesa, katika makaburi ya Aoyama.

Sanamu haikudumu. Mwaka 1944 iling'olewa, chuma na shaba vikihitajika vitani, na Mei 1945 Ando mwenyewe aliuawa na mabomu ya ndege. Sanamu inayosimama Shibuya leo, mahali ambapo wakazi wa Tokyo hupeana miadi, ilichongwa na mwanawe, Takeshi, na kuzinduliwa Agosti 1948. Nyingine iliwekwa 2015 katika kitivo cha kilimo cha chuo alichofundisha Ueno. Katika sanamu hiyo profesa amerudi, na mbwa amemrukia kumlaki.