9mm au .45? Ubishi wa Nyarugusu uliosahau gobore

Wadau, jioni ukikaa kwenye vibanda vya chipsi jirani na makarasha pale Nyarugusu, ubishi haukosi. Simba na Yanga, bei ya gramu, na siku hizi bastola. Juzi mwenye duara mmoja (jina kapuni) alikuwa anaapa kwamba 9mm ni ya watoto, mwanaume anabeba .45. Broka mmoja wa dhahabu naye hataki kabisa, kwake ni 9mm tu.

Ubishi wenyewe si wa kijinga. Risasi ya 9mm aliibuni Mwaustria Georg Luger mwaka 1902. Kichwa chake kina gramu 7 na nusu hivi, kinatoka kwa mwendo wa mita 350 na ushee kwa sekunde. Ile ya .45 ni kazi ya Mmarekani John Browning, miaka michache baadaye: kichwa kizito karibu mara mbili, gramu 15, ila kinakwenda mita 250 na kidogo. Piga hesabu ya nguvu, zinakaribiana mno. Tofauti iko kwenye magazini. M1911 ya .45 inabeba risasi 7, Browning Hi-Power ya 9mm iliyotoka Ubelgiji 1935 inabeba 13. Na hiyo nayo alianza kuichora Browning huyo huyo kabla hajafariki 1926, wenzake wakaimalizia.

Sasa pembeni alikaa babu mmoja aliyewahi kuwa Sungusungu. Akauliza: "Wajukuu zangu, zikiisha mnatengeneza wapi nyingine?"

Kimya. Na hapo ndipo historia ya huku kwetu ilipolalia.

Gobore halikuhitaji kiwanda cha risasi. Unashindilia baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha goroli au kipande cha chuma, unalipua. Ni polepole, mvua ikinyesha umekwisha, lakini mhunzi wa kijijini anaweza kukurekebishia. Kwa bunduki za namna hiyo Mirambo, aliyefariki 1884, alitikisa Unyamwezi mpaka mipakani mwa Usukuma. Wazungu walikuja na risasi yenye ganda, baruti na kichwa vikiwa kitu kimoja, inaingia kwa nyuma. Halafu mwaka 1890 wakakaa Brussels wakakubaliana: kwenye eneo kubwa la Afrika, nchi yetu ikiwemo, bunduki mpya na risasi zake zisiuzwe kwa Waafrika. Gumegume na baruti ya kawaida, sawa. Nasikia watu wakisema babu zetu walipenda gobore kwa ushamba. Ushamba gani? Mlango ulifungwa kwa mkataba!

Januari 1893 Wajerumani walivunja boma la Mtemi Isike pale Tabora. Akajilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa.

Tukirudi kwa babu yetu: baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, wezi wa ng'ombe wakawa wanakuja na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 80, kuanzia pande za Kahama na Nzega, wanavijiji wakaunda Sungusungu kwa pinde, mishale ya sumu na filimbi. Ukisikia mwano, kila mwanaume anatoka.

"Mwenye bunduki tulikuwa tunamhesabia," babu akasema. "Anapiga, tunalala chini. Anapiga tena. Sisi mishale tuliichonga wenyewe, na asubuhi tunarudi kuiokota. Vijana wawili hatukurudi nao." Akataja majina yao, mimi hapa siyaandiki.

Mwenye duara akaagiza chai nyingine ya babu. Habari za .45 hazikurudi tena jioni ile.