Balozi wa Nyumba Kumi na Simu ya Mkononi

Utotoni mwangu, mwishoni mwa miaka ya 1980, chama kilikuwa na mlango, nao ulikuwa mlango wa balozi wa nyumba kumi. Bendera ya kijani ilipepea mbele ya nyumba yake. Mgeni akilala kwenu, balozi aambiwe. Ukigombana na jirani kwa ajili ya kuku, kwa balozi.

Mfumo ule ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na CCM, iliyozaliwa tarehe 5 Februari, 1977, ikaurithi. Neno la wakubwa lilishuka kwa redio na gazeti la Uhuru. Neno la wadogo lilipanda kwa balozi, tawi, kata, wilaya hadi mkoa, na mara nyingi lilifia njiani mikononi mwa katibu aliyeogopa kumuudhi mkubwa wake. Sisi watu wa redio tusijitoe katika lawama hiyo: waliotutangulia kazini walishusha zaidi kuliko walivyopandisha.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vilileta bendera mpya, lakini ngazi zilikuwa zilezile: kadi, tawi, mkutano mkuu. Nguvu ya wapinzani ilikuwa jukwaani. Ndiyo maana marufuku ya mikutano ya hadhara ya mwaka 2016 iliwauma sana. Iliondolewa tarehe 3 Januari, 2023, na katika miaka hiyo sita na nusu mabishano yalihamia kwenye simu. Serikali nayo ikayafuata hukohuko: kanuni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu akate leseni.

Mazoea hayo yalizaa matunda Januari 2025, pale CHADEMA ilipochagua mwenyekiti. Freeman Mbowe, aliyeshika kiti tangu mwaka 2004, alikabiliwa na makamu wake, Tundu Lissu. Mambo ambayo zamani yangeishia kikaoni, kama fedha za chama na ukomo wa uongozi, yalianikwa mtandaoni mchana kweupe, na watu wasio na kadi wakayabishania kana kwamba chama ni chao. Lissu alipata kura 513, Mbowe 482. Waliopiga kura hawakufika hata elfu moja, ilhali waliojiona wameshiriki ni umati usiohesabika. Nadhani kila mjumbe aliingia ukumbini na umati huo mfukoni. Kama ni heri au ni shari, nasita kusema. Mjumbe aliyetumwa na wilaya yake anapaswa kuisikiliza wilaya, wala si kelele za mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia.

Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 vijana waliopinga Muswada wa Fedha walitangaza kwamba hawana chama, hawana kiongozi, hawana kabila. Waliitana kwa simu, na tarehe 25 Juni wakaingia Bungeni. Wengine walipoteza maisha siku hiyo. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatautia saini muswada ule, na tarehe 5 Julai akaenda kuzungumza nao katika mtandao wa X. Hakuna tawi la chama lililowahi kumwita rais kwa haraka namna hiyo!

Lakini tazama kilichofuata. Mwezi huohuo baraza la mawaziri lilipoundwa upya, viti vilikwenda kwa watu wa ODM, chama chenye kadi na matawi, ambacho hakikuwaita vijana wale barabarani. Asiye na chama hakuwa na wa kumtuma mezani.

Mtaani kwangu balozi bado yupo, ila siku hizi ana kundi la WhatsApp. Taarifa za mkutano huzitoa humo. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo mwenye simu ya kitochi, alikosa mikutano miwili mfululizo. Juzi nilimkuta amesimama mlangoni kwa balozi, anabisha hodi.