Kisiwa cha Chumbe: Funzo la Usanifu Endelevu kwa Hoteli za Kesho

HOTELI ya kitalii inayojengwa ufukweni huhitaji mambo matatu kabla ya kumpokea mgeni wa kwanza: maji matamu, nishati na mahali pa kupeleka uchafu. Katika visiwa vidogo, hayo matatu ndiyo yaliyo magumu kupatikana. Maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari mfano wa tabaka jembamba. Yakivutwa kupita kiasi kinachorudishwa na mvua, bahari hujipenyeza na kisima huanza kutoa maji ya chumvi. Anayeumia kwanza si mgeni, bali mwanakijiji ambaye kisima hicho ndicho tegemeo lake.

Kwa hiyo, suala la namna hoteli za baadaye zitakavyosanifiwa haliishii kwenye uzuri wa majengo. Ni suala la nani atabaki na maji, na bahari itabaki na nini. Zanzibar inao mfano uliojaribiwa kwa zaidi ya robo karne, nao ni Kisiwa cha Chumbe.

Kisiwa na hifadhi yake

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, chenye ukubwa wa takriban hekta 22, kilichopo kusini mwa Mji wa Zanzibar. Kwa miaka mingi kilijulikana kwa mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904 kuongoza vyombo vinavyoelekea bandarini. Upande wake wa magharibi una mwamba wa matumbawe wenye aina zaidi ya 400 za samaki.

Mwaka 1994, Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba huo na msitu wa kisiwa kuwa maeneo ya hifadhi. Usimamizi ulikabidhiwa kampuni ya Chumbe Island Coral Park, iliyoasisiwa na Sibylle Riedmiller, raia wa Ujerumani, kwa lengo la kuendesha hifadhi kwa mapato ya utalii. Nyumba 7 za wageni zilijengwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaanza kupokea watalii.

Paa linalovuna maji

Chumbe haina chanzo cha maji matamu. Wasanifu hawakuchimba kisima wala kutegemea maji ya kuletwa kwa boti, bali waliligeuza paa kuwa chanzo chenyewe. Mapaa mapana ya makuti hupokea mvua za masika na vuli. Maji hupita katika kichujio, kisha huhifadhiwa katika birika lililojengwa chini ya sakafu ya kila nyumba. Kutoka hapo hupandishwa kwa pampu ya mkono, na ya kuogea hupashwa moto kwa jua.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100, likipata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 100,000 kabla ya kutoa yanayopotea. Kinachoamua ni ukubwa wa birika, kwa kuwa mvua hunyesha kwa misimu ilhali matumizi ni ya kila siku.

Upepo na jua

Zanzibar ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la mchana hupiga zaidi juu ya paa, na la asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Paa refu lenye kivuli kipana pamoja na nafasi za kupitisha upepo hupunguza joto bila kiyoyozi. Nyumba za Chumbe ziko wazi upande wa bahari, na upepo huingia chini na kutokea juu. Umeme wa taa hutokana na paneli za jua. Usiku mwanga hupunguzwa, na wageni hutembea na tochi ili wanyama wa kisiwa wasisumbuliwe.

Maarifa haya si mageni kwa watu wa pwani. Kuta nene za mawe, ua wa ndani na madirisha yanayotazamana katika nyumba za Mji Mkongwe vilikuwa vikipoza hewa muda mrefu kabla ya umeme kufika.

Uchafu usiofika baharini

Maji machafu yenye mbolea hulisha mwani unaofunika matumbawe na kuyaua. Kwa sababu hiyo, vyoo vya Chumbe havitumii maji. Kinyesi huchanganywa na majani makavu, na bomba la hewa linalosukumwa na upepo hukausha na kuondoa harufu hadi kila kitu kiwe mboji. Maji ya kuogea hupitishwa katika vitalu vya mchanga na mimea inayonyonya virutubisho, ili yasitiririkie kwenye mwamba.

Watu na mipaka ya mfano

Waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wa hifadhi, na mapato ya wageni husaidia kugharamia ziara za mafunzo kwa wanafunzi wa Zanzibar. Wengi wao huyaona matumbawe kwa mara ya kwanza katika ziara hizo.

Hata hivyo, nyumba 7 haziwezi kubeba sekta nzima. Ujenzi wa aina hii ulichukua muda mrefu na gharama zake zilipanda kuliko ilivyokadiriwa. Aidha, boriti za mikoko na makuti navyo ni rasilimali zenye kikomo: zikikatwa bila mpango, jengo linaloitwa rafiki wa mazingira huacha ufukwe mwingine mtupu.

Lakini kanuni zake zinahamishika. Hoteli yenye vyumba 100 inaweza kuvuna mvua ya mapaa yake, kumwagilia bustani kwa maji ya kuogea yaliyosafishwa, kupasha maji kwa jua na kuelekeza majengo kwenye kaskazi na kusi. Yote hayo huwa rahisi yakiamuliwa kwenye ramani, na huwa ghali mno zege likishamwagwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inaweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira. Hapo ndipo mwekezaji, msanifu na wananchi wa shehia husika wanapopaswa kuulizana mapema: maji yatatoka wapi, na yakishatumika yatakwenda wapi?