Kutua kwa Dharura Injini Inapozimika: Ndege za Mafunzo na Ardhi ya Handeni na Korogwe

Kutua kwa dharura baada ya injini kuzimika ni kuishusha ndege mahali popote panapofaa kwa kuwa haina tena nguvu ya kufika kiwanjani. Ndege ndogo ya injini moja, kama Cessna 172 inayotumika sana kufundishia urubani, haianguki injini inapokata. Mabawa huendelea kuibeba maadamu ina kasi ya kutosha. Ikishikilia mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa, husonga mbele takriban mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka. Kwa hiyo rubani aliye mita 900 juu ya ardhi ana kama kilomita nane na dakika nne za kufanya uamuzi, pasipo upepo.

Mwanafunzi hufundishwa kushika kasi kwanza, kisha kuchagua mahali pa kutua, ndipo atafute chanzo cha hitilafu na kuita msaada redioni. Utaratibu huu haupaswi kupinduliwa. Kosa baya kuliko yote ni kuinua pua ya ndege kwa matumaini ya kuongeza umbali: kasi hupotea, mabawa hushindwa kubeba, na ndege huporomoka. Kosa hilohilo huwapata wanaojaribu kugeuka kurudi kiwanjani injini inapokata mara tu baada ya kuruka. Wakiwa chini namna hiyo, ni salama zaidi kutua mbele yao, hata kama ndege itaharibika.

Sababu nyingi za injini kuzimika ni za kawaida: mafuta kuisha au kufungwa kwa bahati mbaya, maji ndani ya mafuta, hitilafu ya magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi), au barafu katika kabureta. Hii ya mwisho huwashangaza wengi katika nchi ya joto. Hewa inayopita kwenye koo la kabureta hupoa sana petroli inapogeuka mvuke, na unyevu wake huweza kuganda hata nje kukiwa na joto la nyuzi 30, hasa injini ikiwa imepunguzwa nguvu. Hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi kupitia Tanga ni ya aina hiyo.

Hapo ndipo zoezi lenyewe la kutua bila injini lina hatari yake. Mkufunzi hupunguza nguvu ya injini bila kuizima, na mwanafunzi huishusha ndege kana kwamba imekata kweli. Injini ikiachwa hivyo muda mrefu hupoa, plagi hushika masizi, na barafu huweza kujijenga bila dalili. Ndiyo maana mkufunzi makini huongeza nguvu kwa sekunde chache kila baada ya kushuka mita 150 hadi 300, ili aone kama injini inaitikia. Akisahau, huenda siku moja asukume mpini wa nguvu na injini isiitikie. Zoezi la namna hii lifanyike tu juu ya eneo ambalo ndege ingeweza kutua kweli.

Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zina maeneo ya namna hiyo, lakini yanahitaji jicho la mwenyeji. Korogwe iko kwenye bonde la Mto Pangani, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kaskazini yake imesimama milima ya Usambara inayopita mita 2,000. Rubani mwenye tatizo huelekea bondeni. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, umeacha mashamba mapana yenye mistari iliyonyooka. Kutoka juu yanavutia, lakini majani yake ni magumu, yana miiba nchani, na mmea uliokomaa hutoa mlingoti wa mita tano au zaidi. Njia za shamba zinazotenganisha vitalu ndizo zinazofaa zaidi. Upande wa Handeni, shamba la mahindi lililovunwa ni bora kuliko mbuga yenye nyasi ndefu, kwa kuwa nyasi huficha vichuguu. Barabara ya lami ya Segera hadi Korogwe ina malori na nyaya za umeme. Waya hauonekani mapema kutoka angani. Rubani hutafuta nguzo, hasa karibu na Hale penye kituo cha umeme wa maji.

Moshi wa tanuri la mkaa huonyesha upepo unakotoka, na ndege hutua ikielekea upepo huo. Faida yake ni kubwa: inayogusa ardhi kwa kilomita 110 kwa saa ina nguvu ya mwendo zaidi ya mara mbili ya ile inayogusa kwa 75. Kabla ya kugusa, mafuta na umeme hufungwa na milango hufunguliwa kidogo isije ikabana.

Wanakijiji ndio hufika wa kwanza. Jambo la muhimu ni kuwaondoa majeruhi, kuzuia sigara na moto, kisha kuiacha ndege ilivyo mpaka polisi na wachunguzi wafike. Majeruhi wa upande wa Korogwe huweza kupelekwa Hospitali ya Magunga. Uchunguzi hufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 1951, ambacho lengo lake ni kuzuia ajali nyingine bila kumtafuta wa kulaumiwa. Wachunguzi hupima mafuta yaliyobaki tangini, hukagua plagi na kabureta, na husoma kumbukumbu za matengenezo. Barafu huwa imeshayeyuka, kwa hiyo taarifa za hali ya hewa za saa ile huchukua nafasi ya ushahidi.