Mto Unaingia, Hautoki

Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Ujiji wakiwa hoi. Miguu ya Burton haikumtii tena, na macho ya Speke yalikuwa yameharibika kwa maradhi, hata lile ziwa walilolifuata kwa zaidi ya miezi saba kutoka pwani likawa kwake ukungu mtupu. Walikuwa na swali moja lililowakosesha usingizi: Mto Rusizi, ulioko ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio unaozaa Nile.

Wakaanza kuuliza. Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, na huko Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara aliyelijua ziwa, akamwambia kwamba mto unatoka. Aprili, wazungu hao wakiwa Uvira, wana wa chifu wa hapo wakawaambia kinyume chake: unaingia. Kwa wenyeji hao mto ulikuwa jirani.

Hebu fikiri maneno hayo yalivyosafiri. Speke hakujua Kiswahili. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa utumwani India. Bombay akageuza kwa Kiswahili, na panapokuwa na mtu asiyejua Kiswahili, maneno yakageuzwa tena. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Kati ya kuingia na kutoka kuna kitenzi kimoja tu, na kitenzi kikipita midomo mitatu ni rahisi kugeuka. Novemba 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone walipanda mtumbwi Ujiji, wakaenda hadi mlangoni mwa Rusizi, wakaona maji yakiingia ziwani. Wana wa chifu wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu miaka 13 nyuma.

Nimeanza mbali kwa makusudi, kwa sababu kazi ninayotaka kuisimulia inasimama juu ya swali hilohilo: aliyeulizwa alisikilizwa? Leo wasanifu wa tovuti na programu za simu huanza kwa mahojiano. Humketisha mtumiaji, humwuliza anataka kufanya nini, kisha humtazama anavyohangaika na skrini. Mwaka 1993 Don Norman alijiunga na kampuni ya Apple huko Marekani akiwa na cheo kipya, msanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Mwaka uliofuata, Kigoma, watu wasiotumia msamiati huo walianza kazi ya aina hiyo milimani.

Jane Goodall alikuwa ameshuka ufukweni Gombe, Kigoma, kwenye ziwa lilelile la Tanganyika, tarehe 14 Julai 1960 kuchunguza sokwe, na Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ni hifadhi ndogo, takribani kilomita za mraba 36 za nchi kavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliruka juu yake kwa ndege ndogo, akaona msitu umebaki kama kisiwa, na milima iliyouzunguka iko uchi. Ingekuwa rahisi kuwalaumu wakulima. Badala yake, mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, na Watanzania wakatumwa vijijini kwanza kusikiliza. Watu walitaka chakula cha kutosha, afya na shule. Sokwe hawakuwa swali lao la kwanza. Mradi ukaanzia hapo walipoanzia wao, na miti ikaja pamoja na mahitaji hayo. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote yaliyofuata, pamoja na yale ya simu na setilaiti.

Setilaiti ziliingia na Lilian Pintea, mtaalamu wa ramani wa taasisi hiyo. Alilinganisha picha za Landsat za 1972 na 1999, na upotevu wa msitu nje ya hifadhi ukaonekana waziwazi. Lakini ulionekana kwa mtaalamu. Katika picha ya 1999 nukta moja hufunika mraba wa mita 30 kila upande. Nyumba ya mtu humezwa humo, na shamba la mihogo huwa rangi tu. Zilipopatikana picha za nukta ya mita moja au pungufu, zilichapishwa kwenye karatasi kubwa na kupelekwa vijijini. Hapo watu waliona njia wanazopita, mabonde yao, nyumba zao. Wakaanza kuonesha kwa kidole na kutaja majina. Picha ilipigwa kutoka angani, lakini majina ya vijito hayakuwa huko angani. Yalikuwa vinywani mwa waliokaa chini.

Kisha zikaja simu. Mwaka 2008, Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walianza kutengeneza Open Data Kit, programu ya kukusanya taarifa kwa simu za Android. Vijiji vinavyozunguka Gombe viliteua wafuatiliaji wa misitu, nao wakafundishwa kuitumia. Fomu huweza kuuliza swali moja kwenye skrini moja. Ukimaliza, unatelezesha kidole. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Simu hupiga picha ya mti uliokatwa, mtego au kiota cha sokwe, na kuweka alama ya mahali ulipo. Mtandao ukikosekana, kama unavyokosekana nyuma ya vilima vingi vya Kigoma, taarifa husubiri ndani ya simu mpaka mtu ashuke penye mawimbi. Aliyeipanga hivyo alijua kwamba mtumiaji hayuko ofisini.

Taarifa hizo huwekwa kwenye ramani za intaneti, na vijiji hurudishiwa kilichoonekana katika ardhi yao. Hapo pana tofauti na 1858: wana wa chifu wa Uvira walijibu swali, lakini ramani ikaenda kuchorwa London. Leo, kwa sheria ya Tanzania, mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji, na haiwi halali mpaka mkutano mkuu wa kijiji uipitishe.