Moto wa Nyika na Majira ya Maua

Katika maandishi mengi ya wakati wa ukoloni, mchomaji wa nyika hutajwa kuwa adui wa ardhi. Yasemwa kwamba aliteketeza mimea kwa ujinga au kwa uvivu. Sisi tufundishao lugha hukutana na kauli hiyo hata leo katika insha za wanafunzi, na yafaa tuipime kwa historia. Neno "moto" peke yake halitoshi. Ni lazima tuulize: moto wa mwezi gani?

Hapa Ndera, upande wa mashariki wa Kigali, nyika ya zamani imekwisha kugeuka mashamba na nyumba. Lakini Mnyarwanda angali anaujua mti uitwao umuko, ambao wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica. Gome lake ni nene, lafanana na kizibo, nalo hukinga sehemu hai za ndani moto wa nyasi upitapo. Maua yake mekundu huchanua wakati wa kiangazi, kiitwacho hapa impeshyi, matawi yakiwa matupu. Ndege aina ya chozi huja kunywa utamu wake, na kwa kufanya hivyo huchukua chavua kutoka ua hadi ua. Kisha hutokea maganda yenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Masimulizi ya Rwanda yasema kwamba Ryangombe, alipopigwa pembe na nyati, alifia penye mti huu. Hatudai kwamba uliheshimiwa kwa sababu ya gome lake, ila si ajabu mti usiokufa upesi ukaingia katika hadithi.

Hata hivyo, kuokoka si kuzaa. Moto uwashwao mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, hutambaa chini na kuacha mabaka yasiyoungua. Moto wa mwisho wa kiangazi hukuta nyasi zimekauka kabisa. Ndimi zake hufika matawini zikaunguza vitumba na matunda machanga. Mti utachipua tena, lakini mavuno ya mbegu ya mwaka huo yamepotea.

Kwa mimea mingine mambo ni kinyume. Iko mimea midogo yenye mizizi minene iliyojificha ardhini, ambayo nyasi nzee zikiondolewa hupata mwanga, ikachanua kabla nyasi mpya hazijaifunika. Maua meupe ya jamii ya Cycnium, yaliyotapakaa juu ya jivu kama vipande vya karatasi, yafahamika sana katika nyika za Afrika ya Mashariki. Huko Afrika Kusini, mwaka 1993, Jon Keeley alieleza kwamba moshi wenyewe waweza kuamsha maua ya yungiyungi la moto, Cyrtanthus ventricosus. Nazo nyasi za Themeda triandra, zisipoliwa wala kuchomwa kwa miaka mingi, hujisonga kwa mabua yake zenyewe na kudhoofika.

Wafugaji walichoma ili ng'ombe wapate majani machanga na kupe wapungue. Mpango huo ulivurugwa na sotoka ya miaka ya 1890, ambayo Wanyarwanda waliiita muryamo. Ng'ombe na wanyama wa porini walikufa kwa wingi, na mahali pengi vichaka vikaenea, na mbung'o pamoja navyo. Huko Shinyanga, Tanganyika, katika miaka ya 1920, Charles Swynnerton alitaka wenyeji wasichome mapema, ili nyasi zingoje moto mkali wa mwisho wa kiangazi uteketeze vichaka vya mbung'o. Hapo ndipo twaona kinyume cha mambo: serikali za kikoloni zilizomlaumu mwenyeji kwa moto wake ndizo zilizopanga moto ulio mkali kuliko wake.

Serengeti yatupa ushahidi wa namna nyingine. Sotoka ilipodhibitiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka kadiri ya 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya 1,300,000 mwaka 1977. Walikula nyasi ambazo zingeungua. Moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Hakuna aliyepiga marufuku kiberiti. Midomo ya nyumbu ilitosha.

Leo sheria ya Rwanda yakataza kuchoma nyika, na kwa vilima vilivyosongamana kama hivi vyetu hatuoni neno la kuipinga. Lakini ifuateni barabara ya mashariki mpaka Akagera. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1934. Mwaka 1997 ilipunguzwa ikabaki chini ya nusu, sehemu kubwa ya ardhi iliyotolewa ikipewa watu waliorudi kutoka uhamishoni pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2013 ua ulikamilishwa mpakani. Nje ya ua ng'ombe na jembe vimeufupisha ujani, hata moto hauna njia. Ndani, nyasi hurefuka kila masika, na ifikapo Agosti huwa tayari kuungua.