All Star: Raba ya Mpira wa Kikapu katika Mpaka wa Gisenyi na Goma

Raba ya All Star, yaani kiatu cha turubai chenye soli ya mpira na nembo ya duara yenye nyota upande wa ndani wa kifundo cha mguu, ilibuniwa zaidi ya karne moja iliyopita kwa ajili ya wachezaji wa mpira wa kikapu waliokimbia juu ya sakafu za mbao katika kumbi za Marekani. Leo kiatu hicho kimetoka katika viwanja vya mashindano makubwa, lakini hakijatoka miguuni mwa vijana, na mahali pazuri pa kuyachunguza maisha yake ya pili ni Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ulioshikana na Goma ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiasi kwamba nyumba za mji mmoja hutazamana na za mji wa pili. Vivuko vikuu baina ya miji hiyo ni viwili: Petite Barrière, kinachotumiwa zaidi na wachuuzi waendao kwa miguu, na Grande Barrière, kilicho kando ya Ziwa Kivu, ambacho hupitiwa zaidi na magari pamoja na wasafiri wenye hati. Ng'ambo ya kizuizi, mara mtu anapoiacha barabara kuu na kuingia mitaani, lami hukoma na mawe meusi ya volkano huanza, na ni mawe hayo, kuliko tangazo lolote la biashara, yanayofichua ubora na udhaifu wa kiatu hiki.

Kabla ya kumfikia mchezaji, historia ya raba huanzia kwenye utomvu wa miti na mitambaazi ya msituni. Mpira wa asili huyeyuka na kunata wakati wa joto na hupasuka wakati wa baridi, na haukufaa kwa viatu mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipopata mwaka 1844 hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya njia ya kuupika pamoja na salfa ili uwe imara na wenye kunepa. Njia hiyo huitwa uvulkanishaji. Mahitaji ya mpira yalipopanda katika miaka ya 1890 kwa sababu ya matairi ya baiskeli, utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika Kongo uliwalazimisha wanavijiji, hasa wa misitu ya magharibi na ya kati ya nchi, kukinga utomvu wa mitambaazi ya aina ya Landolphia kwa viwango vilivyopangwa, na walioshindwa kuvitimiza walipigwa, walichukuliwa wake zao mateka, walikatwa mikono au waliuawa. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, iliyaweka mambo hayo wazi mbele ya dunia, na mwaka 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la dola ya Ubelgiji. Mwaka huohuo wa 1908, katika mji wa Malden, jimbo la Massachusetts, Marquis Mills Converse alianzisha kampuni ya viatu vya mpira iliyobeba jina lake. Mambo hayo mawili hayakusababishana, lakini yanapaswa kuwekwa katika ukurasa mmoja, kwa kuwa dunia ilizoea kuvaa soli za mpira katika kizazi kilekile ambacho Wakongo walilipa kwa miili yao gharama ya mpira huo. Eneo la Kivu lenyewe lilikuwa bado likigombewa na Wajerumani na Wabelgiji, na ni mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 uliokata mstari ambao Grande Barrière inausimamia hadi sasa.

Deni hilo la mpira lilirudi mara ya pili. Japani ilipoyateka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki mwaka 1942, mataifa yaliyopigana nayo yaligeukia tena misitu ya Afrika, na serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliongeza kazi za lazima kwa wanavijiji hadi siku 120 kwa mwaka, ukingaji wa utomvu wa mwituni ukiwa mojawapo. Yeyote anayeandika historia ya raba kwa wasomaji wa Maziwa Makuu na kuliruka jambo hili atakuwa amewanyima sehemu ya historia hiyo iliyo yao wenyewe.

Mchezo wa mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith mwezi Desemba 1891 katika mji wa Springfield, ambao pia uko Massachusetts, na kampuni ya Converse, iliyoanza na viatu vya mpira vya kujikinga na mvua na theluji, ilitoa raba ya All Star mwaka 1917 ikiwalenga wachezaji wa mchezo huo mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilimwajiri mchezaji aitwaye Charles Taylor, aliyejulikana kwa jina la Chuck, ambaye alizunguka nchi nzima kwa gari akifundisha mchezo katika shule na vyuo huku akiuza viatu, na katika miaka ya 1930 saini yake iliongezwa kwenye nembo ya nyota. Timu ya Marekani iliivaa raba hiyo katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, ambako mpira wa kikapu uliingizwa kwa mara ya kwanza kama mchezo wa medali, na kwa miongo mitatu iliyofuata haikuwa na mshindani wa maana.

Kuanguka kwake kulikuwa kwa haraka. Mwaka 1969 adidas ilileta Superstar, raba ya ngozi yenye kofia ya mpira kwenye vidole, na wachezaji wa kulipwa wakaligundua jambo ambalo turubai lisingeweza kuwapa, yaani kushikwa mguu sawasawa wakati wa kugeuka ghafla. Nike ikafuata mwaka 1982 na Air Force 1, iliyochorwa na Bruce Kilgore na kuwekwa mfuko wa hewa ndani ya soli, kisha mwaka 1985 ikauza kwa umma Air Jordan ya kwanza, kazi ya mchoraji Peter Moore, kwa bei ya dola 65. Tangu hapo raba ya kikapu ikawa bidhaa ya jina la mtu mmoja zaidi ya bidhaa ya mchezo. Converse ilifilisika mwaka 2001, ikafunga viwanda vyake vya Marekani na kuhamishia utengenezaji Asia, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Nike yenyewe kwa dola zipatazo milioni 305.

Kiatu kilichoshindwa uwanjani kilibaki hai mitaani kwa sababu mbili ambazo bado zina nguvu katika Maziwa Makuu: kilikuwa rahisi, na muundo wake ulikuwa wazi kiasi kwamba fundi yeyote angeweza kuuelewa. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya raba za majina makubwa huingia kama mitumba, ambayo Wanyarwanda huiita caguwa, zikiwa zimefungwa katika marobota kutoka Ulaya, Marekani na Asia. Mwaka 2016 Rwanda, ikitaka kuvilinda viwanda vyake vya nguo na ngozi, ilipandisha ushuru wa nguo zilizovaliwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na wa viatu vilivyovaliwa hadi dola 5 kwa kilo. Kenya, Tanzania na Uganda, zilizokuwa zimeafikiana nayo kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, zilirudi nyuma baada ya Marekani kutishia kuzinyima nafasi katika AGOA, sheria iliyoruhusu bidhaa nyingi za Kiafrika kuingia Marekani bila ushuru. Rwanda haikurudi nyuma, na mwezi Julai 2018 Marekani iliisimamishia nafuu hiyo kwa upande wa mavazi.

Athari ya ushuru huo wa Rwanda inaonekana wazi zaidi mpakani kuliko Kigali. Jozi ya raba za turubai ina uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo ushuru wa viatu peke yake unaweza kuikaribia bei ya jozi iliyochakaa, ilhali ng'ambo ya kizuizi, Goma, mzigo wa namna hiyohiyo huuzwa bila kubeba gharama hiyo. Matokeo yake ni magendo, na Polisi ya Rwanda imetangaza mara nyingi kukamatwa kwa marobota ya mitumba yaliyovushwa Rubavu kinyume cha sheria. Lengo la Rwanda ni la haki, kwa sababu hakuna nchi inayopaswa kuvaa mabaki ya wengine milele. Lakini ushuru unaopimwa kwa kilo humwelemea zaidi maskini, kwa kuwa hautofautishi raba nzuri na raba iliyokwisha, na kijana wa Gisenyi anayetaka kuanza kucheza ndiye anayeulipa kwa maumivu.

Vijana hao si wachache, na ndoto zao zina msingi. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alichaguliwa wa saba katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2021, na mwaka uliofuata alitwaa ubingwa akiwa na Golden State Warriors. Kabla yake, Dikembe Mutombo wa Kinshasa alitengenezewa na adidas raba yenye jina lake katika miaka ya 1990, na ndiye aliyegharimia mavazi na safari ya timu ya wanawake ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996. Upande wa Rwanda, Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ilizinduliwa mwezi Mei 2021 katika ukumbi wa Kigali wenye viti 10,000, na wachezaji wake walivalishwa na Nike pamoja na chapa ya Jordan.

Kwa anayenunua All Star, iwe mpya au ya mtumba, jambo la kwanza ni kipimo. Namba ya Kiulaya huhesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita, na hupima kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezewa juu yake. Kwa hiyo kiatu namba 42 kimetokana na kalibu ya sentimita 28 hivi, na kinamfaa mtu mwenye mguu wa sentimita 26 na nusu. Namba ya Kimarekani hufuata theluthi ya inchi na huanza mahali pengine, ndiyo maana namba mbili tofauti hupigwa ndani ya ulimi wa kiatu kimoja. Jambo la busara ni kupima mguu kwa rula jioni, wakati umevimba kidogo kutokana na kutwa nzima ya kutembea, na kukumbuka kwamba All Star hukatwa ikiwa kubwa kwa nusu namba kuliko raba nyingi na kuwa nyembamba katikati. Mwenye mguu mpana asitulizwe kwa kuambiwa kwamba turubai litatanuka: turubai hulegea kidogo tu, wakati ukanda wa mpira unaolizunguka hautanuki hata kidogo, na kidole kidogo ndicho kitakachoumia. Kisigino nacho kisipande na kushuka wakati wa kutembea, na kidole gumba kibakiwe na nafasi ya kama sentimita moja mbele.

Ni lazima pia isemwe bila kuficha kwamba kiatu hiki hakifai tena kwa mchezo mzito. Soli yake ni bapa na nyembamba, na shingo yake ndefu ya turubai haizuii kifundo kupinduka, hivyo anayeruka kila siku juu ya saruji anahitaji raba yenye sponji. Hata hivyo anayenunua raba ya sponji iliyovaliwa anapaswa kuibonyeza soli kwa kidole gumba na kuikunja, kwa sababu povu la polyurethane, lililotumika katika raba nyingi za Jordan za zamani, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimehifadhiwa bila kuvaliwa, na raba inayong'aa kama mpya huweza kumeguka vipandevipande ndani ya wiki moja. Mpira uliovulkanishwa wa All Star hauna ugonjwa huo. Adui zake ni jua kali, mafuta na mawe.

Mawe ya Goma yanastahili uangalifu wa pekee. Mlima Nyiragongo ulimwaga lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 na tena ukalipuka tarehe 22 Mei 2021, na mitaa mingi imejengwa juu ya lava hiyo iliyoganda, yenye kingo zinazokata soli upesi na vumbi lenye chembe ngumu zinazosaga nyuzi za turubai kila mguu unapokunjika. Kwa hiyo raba ikungutwe na kupigwa brashi ikiwa bado kavu, kabla maji hayajalisukuma vumbi ndani ya nyuzi; kisha ioshwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, isuuzwe mpaka povu liishe, ijazwe karatasi na kuanikwa kivulini. Jiki, yaani dawa ya kung'arishia nguo, isitumike, kwa kuwa huzidhoofisha nyuzi za pamba na kuliachia turubai jeupe rangi ya manjano, na masalia ya sabuni yakipigwa na jua huleta doa lilelile, ndiyo maana wengine huifunika raba nyeupe kwa karatasi ya msalani inapokauka.

Mahali panapoachia kwanza ni pale ukanda wa mpira unapokunjika karibu na vidole. Fundi viatu mzuri husafisha sehemu zote mbili, huzikwaruza kwa msasa, hupaka gundi, hungoja mpaka gundi iache kulowesha kidole, ndipo hubana, kisha huzungusha mshono wa uzi mzito kupitia soli. Na soli ikitoboka, huongeza nusu soli iliyokatwa kutoka kwenye tairi, ambayo huongeza uzito lakini hudumu kwenye mawe kuliko ile ya kiwandani. Kazi hii inafaa kufanywa mapema, kabla turubai halijagusa ardhi, kwa sababu turubai lililosagika halina pa kushikia uzi.

Gundi hiyo haishiki penye unyevu, na mvua za Ziwa Kivu ni nyingi, lakini mafundi wengi hufanya kazi nje, pembeni mwa barabara. Ikiwa Rwanda inataka wananchi wake waache kutegemea mitumba, na Kongo inataka vijana wake wacheze, basi wilaya ya Rubavu na mji wa Goma, zinapopanga masoko ya mpakani, ziwape mafundi viatu meza zenye paa.